Mama wa Upande wa Miguu

Miaka kumi na moja nilifanya kazi chini ya Mama Titulaire, na miaka yote kumi na moja niliogopa. Niseme wazi tangu mwanzo, musije mukafikiri naandika sifa za kusoma kanisani siku ya maziko. Mama mwenyewe yuko muzima, na akisikia nimemuzika mapema atanifuata mpaka nyumbani. Nilimuogopa kuliko risasi. Risasi ikilia, unalala chini na unangoja ipite. Yeye akiita jina lako, pa kulala hakuna.

Alikuwa mukubwa wa wauguzi katika salle ya réanimation hapa Bunia, chumba cha vitanda sita ambako wanaleta watu waliobakiwa na pumzi kidogo. Kila mutu alimwita Titulaire, jina la cheo chake: wauguzi, madaktari, walinzi wa mulango, hata bwana yake siku alipokuja kumuletea mwavuli. Jina lake la ubatizo nalijua. Sikulitumia hata siku moja, na hapa pia sitalitumia, mukono wenyewe unakataa.

Mugonjwa akizidiwa, siye wote tulikimbilia upande wa kichwa. Yeye alikwenda upande wa miguu. Alisimama wima pale mwisho wa kitanda, mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mutihani, na hakugusa kitu. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni kiburi. Nilisema moyoni, huyu mama amezoea kula mushahara bila kuchafua vidole.

Halafu wakatuletea mwanaume kutoka Bambu. Shimo la dhahabu lilikuwa limemwangukia, mudomo umejaa udongo, kifua kimebonyea upande mumoja. Tulikuwa watu tisa juu yake. Mumoja anatafuta mushipa, mumoja anakata suruali, mumoja amemushika mukono tu, anamuombea. Masque ilikuwa kwenye uso, bomba limefungwa kwenye chupa ya oksijeni, kila kitu safi kwa macho. Na midomo ya yule mwanaume inaendelea kuwa ya bluu.

"Nani alifungua chupa?" Mama Titulaire aliuliza kutoka miguuni.

Kila mumoja aliendelea na kazi yake.

"Nauliza jina. Nani alifungua chupa?"

Tukaangaliana. Kila mutu aliamini ni mwenzake. Watu tisa wenye diplome, na chupa ilikuwa imefungwa kama ilivyotoka depo! Dieudonné, muuguzi mwenzangu niliyeanza naye kazi, aliruka akaifungua, tukasikia upepo unatoka. Yule mwanaume alirudi kwao kwa miguu yake baada ya wiki nyingi. Miye usiku ule nyumbani sikula.

Toka siku ile ilikatazwa kusema "mufungue oksijeni." Ulisema, "Rachel, fungua oksijeni." Na miye Rachel nilipaswa kujibu, "Rachel anafungua," halafu, "Imefunguka." Mwanzoni tulijisikia wapumbavu kabisa. Familia za wagonjwa zilituchungulia mulangoni zikacheka, eti wauguzi wakubwa namna hii wanaitana majina kama watoto wa primaire.

Inje ya salle alikuwa mama wa heshima zote. Ulimusalimia kwa mikono miwili, ukipinda magoti kidogo. Hukupita mbele yake bila kuomba njia. Kiti chake cha mbao karibu na dirisha hakuna aliyekikalia. Siku moja stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi, alikikalia kwa kutojua, tukamuondoa pale mbio mbio kabla mwenyewe hajaingia. Lakini ukivuka kizingiti, mambo yaligeuka.

"Humu ndani miye siko mama ya mutu," alituambia kila Jumatatu. "Mukiona nafanya mubaya, munisimamishe. Na nguvu. Ata docteur akuwe pale, ata pasteri akuwe pale."

"Ndiyo, Mama," tulijibu kwa sauti moja.

Uongo mutupu. Umelelewa kwenu kwamba mutu mukubwa hakatizwi, umepigwa kofi kwa sababu hiyo mbele ya wageni, halafu asubuhi moja mutu anakuambia umukatize! Katika miaka kumi na moja hakuna hata mumoja wetu aliyemusimamisha. Na miye niliomba Mungu kila nikivaa blouse ya kazi: isifike siku ambapo maisha ya mutu yatangoja mudomo wangu mbele ya yule mama. Nilijijua.

Yeye pia alitujua, na ndiyo sababu alituletea Muzee Blanketi. Jumatatu asubuhi, kama kuna kitanda kitupu, alikunja blanketi ya kijivu, akailaza, akaifunika shuka mpaka shingoni. "Muzee Blanketi, miaka soixante-deux, anapumua mubaya. Mufanye kazi." Tukafanya kazi juu ya blanketi na mate yamekauka mudomoni, kweli ya Mungu. Katikati ya kazi alitupa amri ya kuua, kwa makusudi, aone nani atakataa. Zamu yangu ilipofika alisema kwa sauti tulivu kabisa, "Rachel, potassium, ampoule nzima, sukuma moja kwa moja mu mushipa."

Nilijua. Shuleni walituambia mara mia kwamba potassium ya namna ile inasimamisha moyo. Nilijua vizuri sana, na bado nilivunja ile ampoule, kichupa cha maji alichokiandika neno potassium kwa kalamu, nikavuta, nikasukuma.

"Umemuua," alisema.

"Lakini Mama, ni weye ulisema..."

"Miye nilisema. Weye ulisukuma. Sasa enda inje uambie bibi yake."

Alinituma kweli. Nilisimama koridoo mbele ya ukuta nikamuambia bibi ya Muzee Blanketi kwamba bwana yake amekufa. Wauguzi wa maternité, salle ya wazazi, walipita wakacheka mpaka wakashika mbavu. Dieudonné aliniuliza kwa huruma marehemu ameacha watoto wangapi. Miye nililia machozi ya kweli.

Lakini kuna mumoja ambaye hakuwa blanketi. Walituletea mama wa Aveba, aliyezaa njiani, na damu nyingi ilikuwa imemutoka. Mutoto alikuwa muzima, amefungwa katika kitenge. Bwana na mama mukwe walisimama mulangoni. Daktari ameinama, anatafuta mushipa shingoni. Miye kazi yangu ilikuwa kuangalia machine, ile namba inayosema oksijeni imebaki kiasi gani katika damu. Quatre-vingt-huit. Quatre-vingt-un. Soixante-quatorze: kutoka themanini na nane imefika sabini na nne. Nilitaka kusema. Nikainua macho, nikaona macho ya yule bwana.

Kwetu, habari mbaya haipigiwi kelele mbele ya mwenyewe. Unaiinamia, unaisema polepole kwenye sikio. Basi nikainama, nikasema polepole, "Docteur, anashuka." Groupe ya umeme, jenereta yetu, ilikuwa inanguruma nyuma ya dirisha. Daktari hakusikia. Nikasema tena, polepole vilevile, kwa adabu. Mama Titulaire alikuwa kitanda kingine na mugonjwa mwingine. Daktari alipoinua kichwa, yule mama wa Aveba alikuwa amekwisha kwenda. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali inje.

Labda angekufa tu. Daktari mwenyewe aliniambia hivyo, na alisema kwa wema. Sijui, na kutojua kwenyewe kunaniuma.

Mama Titulaire alinikuta kwenye lavabo, nanawa mikono isiyokuwa na kitu.

"Ulisema?"

"Nilisema, Mama. Mara mbili."

"Alijibu nini?"

"Hakujibu."

"Basi haukusema."

Alinishika mukono tukaenda pamoja kwa yule bwana, akaniambia nisimame karibu yake na nisikimbie. Alimuambia bibi yake amekufa, na kwamba siye tulichelewa kuona. Jina langu hakulitaja. Yule bwana aliangalia kitenge mikononi mwa mama yake, akauliza, "Sasa mutoto atanyonya nini?" Mama Titulaire alimuonyesha njia ya pédiatrie, salle ya watoto.

Kutoka hapo tulipaswa kusema namba kwa nguvu, familia isikie au isisikie. Watu walilalamika kwa mukubwa wa hospitali, eti wauguzi wanatangaza kifo kabla ya wakati. Mama Titulaire alikwenda kule, akalaumiwa, akarudi, hakubadilisha kitu.

Mchana wa siku ile ile mama wa Aveba alipokufa, niliingia depo ya mashuka kuchukua shuka, nikamukuta amekaa juu ya gunia la nguo. Alikuwa anajaribu kufungua chupa ya maji na hakuweza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka maji yanapiga ndani ya chupa.

"Funga mulango," alisema.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Niko na woga. Tangu nianze hii kazi, kila siku, nikivuka ile mulango. Woga yangu inakaa ku mikono. Njo maana naiweka nyuma. Nikishika sindano nitatoboa mutu pahali hapapaswe. Lakini macho yangu inaona muzuri, na mudomo inasema muzuri. Basi nyinyi mukuwe mikono yangu." Akanipa chupa nimufungulie. "Ukisema inje, nitakufukuza."

Sikusema. Nasema leo kwa sababu hana tena uwezo wa kunifukuza, na kwa sababu wengi hapa mujini bado wanafikiri alikuwa na moyo wa jiwe.

Musifikiri basi alikuwa mutakatifu. Aka! Alikuwa mukali bila sababu siku za mvua. Alimufukuza stagiaire mumoja juu ya bigi ya kutafuna mudomoni, na yule musichana alikuwa na akili kuliko siye. Katika miaka yote aliniambia "vizuri" mara mbili, na ya pili nadhani alikuwa anazungumza na Dieudonné. Aliwagombeza wagonjwa wa tension, presha ya damu, wasiokunywa dawa, na zake mwenyewe alizificha katika buti la mvua, bwana yake asijue kama anaumwa. Pikipiki aliiogopa kupita kiasi. Akipanda taxi-moto, alishuka kwenye kila shimo, akatembea, akapanda tena, na unajua barabara zetu: dereva alifika na yeye alikuwa ametembea nusu ya safari. Tulimucheka, lakini kwa siri na mulango umefungwa.

Alistaafu. Tulimufanyia sherehe ya fanta na maandazi, akatoa hotuba ya dakika mbili, ya kwanza ilikuwa ya kutugombeza. Nikapewa nafasi yake, na watu wakaanza kuniita Titulaire. Kila walipoita niligeuka kuangalia kama yeye yuko nyuma.

Mwaka huu, Jumanne moja saa tatu ya asubuhi, gari la jirani yake liliingia mpaka kwenye mulango wetu. Alishuka Mama Titulaire, bila viatu, amembeba mujukuu wake, musichana wa miaka mine, mutoto wa kijana wake. Malaria. Mutoto alikuwa katika degedege, mikono inakatika-katika, macho yamegeuka juu. Nyuma yake alikuja bibi ya kijana wake, mama wa mutoto, na pasteri wao.

"Valium!" alipiga kelele. "Rachel, piga Valium, mutoto anakufa!"

Alisimama upande wa kichwa, pamoja na siye wote. Daktari wetu ni kijana, hajawahi kufanya naye kazi, amesikia sifa tu. Alimuangalia, akasema, "Ndiyo, Valium." Dieudonné alikuwa amekwisha kuweka masque. Miye nilivuta ile dawa ya kulaza degedege. Sindano ilikuwa tayari mukononi, ndipo nikaangalia kifua cha mutoto.

Kilipanda. Nikangoja. Nikangoja. Kilipanda tena. Niliangalia saa ya ukutani: katika sekunde kumi na tano kilipanda mara mbili tu. Mutoto mwenye malaria kali anapumua mbio, anahema. Huyu alikuwa anasahau kupumua. Kuna kitu kilikuwa kimemulaza, na nilijua kitu gani. Muuguzi aliyestaafu hapa kwetu hakosi ampoule ya Valium ndani ya sanduku, maana majirani wanabisha mulango kila siku. Valium juu ya Valium, na kile kifua kingesimama kabisa.

Kuuliza ilikuwa kumuambia Mama Titulaire, mbele ya mama wa mutoto na mbele ya pasteri, kwamba anamuua mujukuu wake. Na kutii kulikuwa rahisi! Daktari amesema, Titulaire amesema, nani angenilaumu? Nilimuona yule bwana wa Aveba amesimama mulangoni, na mulangoni hapakuwa na mutu.

"Nasimamisha," nilisema. Ilitoka ndogo, hata Dieudonné hakugeuka. Nikapiga kelele. "Rachel anasimamisha Valium! Docteur, mutoto anapumua mara nane kwa dakika! Mama, alipata nini nyumbani?"

"Hakuna."

"Mama, mutoto alipata dawa gani?"

"Nimesema hakuna! Weye ni nani wa kuniuliza? Ni miye nilikufundisha kushika ile sindano!"

Pasteri alisema, "Dada, heshimu mama." Bibi ya kijana alianza kulia. Nilishika chuma cha kitanda.

"Sitapiga kama sijui," nilisema. "Mara ngapi, Mama?"

Aliniangalia. Sijawahi kuona uso unaogopa namna ile, na nimeona nyuso nyingi.

"Mara mbili," alisema. "Moja nyumbani. Ingine mu motokari. Ilikuwa inakataa kusimama, Rachel. Ilikataa."

"Valium mara mbili!" nilirudia, kila mutu asikie. Sindano nikaitupa. "Dieudonné, ballon!"

"Dieudonné anapumulisha."

"Docteur, sukari yake ni ngapi?"

Hakuna aliyepima sukari. Watu wote tulikuwa tumeangalia mikono inayoruka. Daktari alipima mwenyewe, na ile machine haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba iko chini sana. "Miye napiga glucosé," alisema yule kijana, akataja jina lake kwa nguvu, akasukuma ile sukari kwenye mushipa. Degedege ikakatika pale pale. Lakini pumzi haikurudi. Dieudonné alibinya ballon, ule mufuko wa kusukuma hewa kifuani, mpaka vidole vikafa ganzi, nikapokea miye, akapokea tena yeye. Dakika arobaini. Mama Titulaire alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya simenti, kitambaa kimetoka kichwani, mikono yake imelala wazi juu ya magoti, inatetemeka mbele ya watu wote.

Mutoto alipumua mwenyewe mara moja, halafu tena, halafu akalia kwa hasira. Siye wazima tukalia pamoja naye.

Mama Titulaire hakunishukuru. Siku ya tatu walirudi nyumbani, alipita mulango wa nyuma. Wiki mbili sikupata neno. Huko Rwambuzi, kartie yake, mutaa anapokaa, watu walisema miye nimemutukana mama aliyenilea. Dieudonné alinishauri nibadilishe njia ya kwenda kazini, na hakuwa anacheka sana. Jumapili ya pili, baada ya misa, nilichoka kuogopa nikiwa mbali, nikaenda kuogopa karibu.

Alifungua mulango. Hakusema karibu.

"Ulinifunua mbele ya bibi ya kijana wangu," alisema. "Sasa hanipatie tena mutoto nibakie naye peke yangu."

"Nisamehe, Mama."

"Juu ya nini? Ungenyamaza, ningekusifu mu kartie yote, na mutoto tungekuwa tumemuzika." Alisema hivyo kwa hasira ileile, haikupungua hata kidogo. Halafu alisogea nipite.

Mutoto alikuwa amelala kwenye fotei, kiti kikubwa cha mikono, mudomo wazi, kitenge kwenye miguu. Kwenye uwanja, bibi ya kijana alikuwa anaosha masufuria. Mama Titulaire alikaa kwenye kiti kifupi karibu na fotei, saa ya mukono ameishika kiganjani.

"Amepona," alisema. "Docteur alisema amepona, na miye naona amepona. Lakini akilala, nahesabu. Namaliza kuhesabu, sijue kama nilihesabu muzuri. Hesabu weye. Sema na nguvu, na ule wa inje asikie."

Nilipiga magoti, nikaweka mukono juu ya kile kifua kidogo chenye joto, nikachukua saa yake. Dakika nzima.

"Vingt-quatre, Mama! Ishirini na nne!" nilisema kwa nguvu.

Inje masufuria yalinyamaza. Halafu yakaanza tena.

"Hesabu tena," alisema.

Nikahesabu tena.